Leso Yenye Fundo Kwenye Upindo

Mengo, Kampala

Kwako Mama yangu,

Assalamu alaikum, na shikamoo Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani pako, miguu imekupa nafuu kidogo, na kikombe cha kahawa kiko upande wa kulia kama ilivyo desturi yako. Mimi mkweo ni mzima wa mwili. Mvua zimeanza huku, asubuhi natoka na mwavuli na jioni narudi bila kuufungua, halafu siku ninayousahau ndiyo nanyeshewa. Vipi macho yako? Nilisikia ulirudi kwa daktari akakwambia usubiri, mtoto wa jicho hajakomaa. Na vipi usingizi? Rukia alikuwa akiniambia kwamba usipolala wewe hakuna anayelala nyumba ile.

Najua barua hii atakusomea Maimuna. Maimuna, shemeji yangu, nakuomba usome polepole na usiruke mahali, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu. Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yetu ya mwisho haikuwa nzuri, na haya niliyo nayo nataka Mama ayasikie mpaka mwisho, bila mtandao kukatika na bila mimi kukasirika.

Mama, nakuandikia kuhusu ile leso.

Rukia alipofariki hukuweza kuja. Miguu ilikuwa imevimba, safari kutoka Likoni mpaka huku ni ndefu, na sisi hatukuweza kumchelewesha ili akusubiri. Nilipokupa habari hukupiga kelele. Uliniuliza, "Nani amemwosha?" Nikakutajia wanawake wa msikitini, na jirani yetu Nalongo, ambaye ni Mkristo, aliyesimama nje ya mlango akiwapokea ndoo na kuwapa nyingine. Ukasema, "Mungu amlipe huyo wa ndoo." Neno hilo nilimfikishia Nalongo, akalia kuliko nilivyolia mimi.

Hukuniomba kitu chochote. Mpaka arubaini ilipopita ndipo ulipomtuma Maimuna aniambie kwamba nguo zake nyingine nigawe huku huku kwa wenye haja, ila nikutumie moja tu, leso yake ya kisutu, ile nyekundu uliyomfunga kwa mikono yako asubuhi ya harusi yetu. Ulisema kaburi lake hujaliona na huenda usilione, basi angalau uishike nguo yake.

Nilifungua sanduku siku hiyo hiyo. Ndani mlikuwa na doti mbili za kisutu, mchoro mmoja. Ya pili aliinunua mwenyewe tulipokuja likizo kwenu, na nakumbuka alivyoingia nayo akiipeperusha, akasema, "Nimempatia pacha wake." Nilizitandaza zote mbili kitandani. Moja ilikuwa imechakaa, imelainika kama kitambaa cha mtoto mchanga. Nyingine ilikuwa bado na ugumu wa dukani. Kwa macho yangu zilikuwa rangi moja, Mama, kama nguo mbili zilizokatwa kutoka jora moja. Nikafikiri, ya harusi bila shaka ndiyo hii aliyoitunza, na Mama hawezi kutumiwa kitambaa kilichochakaa. Nikaikunja ile mpya vizuri, nikaifunga, nikaipeleka stendi ya mabasi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Tangu nimzike mwanao hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyohisi nimefanya jambo moja sawasawa.

Halafu Maimuna akapiga simu.

"Shemeji, mzigo umefika."

"Alhamdulillahi. Mama amefurahi?"

Akasema, "Mama aitizama tu." Kisha kwa sauti ya chini, "Auliza, ile nyekundu umempa nani?"

"Nyekundu ipi tena? Si ndiyo hiyo?"

"Shemeji, hii ni ya kijani."

"Maimuna, acha mzaha."

"Wallahi sifanyi mzaha. Kijani kama majani ya mgomba."

Nikakusikia nyuma yake, Mama. Hukupaza sauti. Ulisema, "Mwambie kama amemuwekea mwengine aseme tu. Mimi si mtoto mdogo."

Hapo nikasema lile neno. Nilisema, "Mwambie Mama ana mtoto wa jicho, ndiyo maana haoni sawa." Maimuna akaniuliza, "Na mimi je? Mimi pia nina mtoto wa jicho?" Nikakata simu. Nilikwenda kwenye sanduku nikaitoa ile iliyobaki, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ni rangi ile ile niliyokutumia. Nikasema moyoni kwamba msiba umewafanya wakwe zangu wanitafutie kosa. Nikakaa na neno hilo muda mrefu. Salamu zenu nikawa najibu kwa ujumbe mfupi, siku nyingine sijibu kabisa. Nilijua nasema kweli, na nilijua kwamba wewe waniona mwongo. Vyote viwili niliviweka ndani kama mtu aliyemeza mwiba.

Sasa nikueleze kilichonifungua, nacho kimetokea kazini.

Sidhani kama niliwahi kukueleza kazi yangu vizuri. Rukia alikuwa akikwambia, "Apaka rangi kwenye kompyuta," nawe ukadhani nachora katuni za watoto. Si mbali sana na kweli. Watu huenda vijijini wakapima, kwa mfano, maji ya visima, wakarudi na tarakimu. Tarakimu zikiwa peke yake hazisomeki, ni safu juu ya safu. Sisi tunazitia kwenye programu inayozigeuza kuwa ramani. Lakini programu haijui kisima kibaya kipakwe rangi gani mpaka mtu aiambie. Kwa hiyo kuna jedwali, upande mmoja tarakimu, upande wa pili rangi. Kuanzia hapa mpaka hapa, kijani. Kuanzia hapa mpaka hapa, njano. Ikizidi hapo, nyekundu. Ni kama jikoni kwako ulivyokuwa na sufuria ya maziwa, ya samaki na ya wali, na ole wake atakayechanganya. Mimi ndiye ninayelihariri jedwali hilo. Likiwa sawa, hata asiyejua kusoma akiitazama ramani anajua wapi achote maji na wapi aache. Likikosewa, ramani nzima inasema uongo, na inausema kwa kupendeza.

Miaka yote hiyo sikuwa nikichagua rangi kwa macho. Katika kompyuta kila rangi ina namba zake tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na ofisini tulikuwa na orodha tuliyoizoea. Niliziandika kama mtu anavyoandika namba ya simu. Na Jumamosi nilikuwa nikija na ramani iliyochapwa, naiweka mezani mbele ya Rukia huku yeye anachambua mchele. Aliitupia jicho, akasema, "Hizi mbili zimefanana mno, mtu hataona mpaka." Au aliuliza, "Hapa umetia kijani, ulikusudia kijani?" Najibu, "Aa, kidole kimeteleza." Jumatatu narekebisha, na wenzangu wanasema Khamis ana jicho. Mama, jicho lilikuwa la mwanao.

Majuzi shirika moja la maji lilitutaka tuichore upya ramani yao. Walisema rangi za zamani zinapiga kelele, wanataka za upole. Na programu nayo imekuja toleo jipya. Zile namba tatu zimefichwa, badala yake kuna ukanda wa rangi na mshale mdogo, unausogeza mpaka upate unayoitaka. Nikausogeza. Nikachagua rangi ya upole ya visima vizuri, nikachagua rangi ya upole ya visima vibaya. Niliichapa ramani, nikaja nayo nyumbani Jumamosi kwa mazoea, nikaiweka mezani. Mezani hapakuwa na sinia la mchele. Niliitazama mwenyewe, nikaikunja, nikaona iko sawa.

Wateja walipokuja, ramani ikamulikwa ukutani ofisini kwetu Ntinda, watu wamejaa chumbani. Mkubwa wetu ni Madamu Nakato. Ni mtu wa hapa Buganda, ila amekulia kambini ambako baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Mambo ya kazi huyasema kwa Kiingereza. Akitaka kukugombeza au kukutania ndipo anapokichukua Kiswahili.

"Khamis! Wee, njoo hapa karibu. Hii watu ya maji mubaya, mbona umepaka wao kijani? Unataka wakufe wakicheka?"

Watu wakacheka. Nikatazama ukutani. Niliona ramani.

"Wapi, Madamu?"

Akanitazama mimi, hakuitazama tena ramani. Akasema kwa upole, ambao kwake si kawaida, "Kila pahali, ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda.

Nilikuwa nimegeuza, Mama. Maji yasiyofaa niliyapa kijani, na maji safi niliyapa wekundu. Ramani ilikuwa haijatoka nje, hakuna kijiji kilichodhurika, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilisimama pale mbele ya watu nikitafuta kosa ambalo kila mtu analiona, na mimi sikuliona.

Tulipotoka, mwenzangu Baraka alinivuta pembeni. Huyu ni Mkongo wa Bunia, anakaa meza iliyo jirani na yangu, mtu wa maneno mengi. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya duara lililojaa matone matone.

"Ndugu Khamis, tazama humu. Unaona namba gani?"

"Naona matone."

"Namba, ndugu!"

"Hakuna namba."

"Iko! Iko nane pale, kubwa kama ng'ombe!" Akaigeuza simu akaitazama mwenyewe, kama vile aliogopa ile nane imetoroka. Akaleta picha nyingine. "Na hii?"

"Matone."

"Na hii?"

Nikatikisa kichwa. Hapo alikuwa ameacha kucheka. Akaniambia kuna watu wanazaliwa hivyo, nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na wengi hawajui mpaka waambiwe, maana mtu atajuaje asichowahi kukiona. Mjomba wake mmoja yuko hivyo. Kisha akanitazama kutoka kola mpaka viatu, akauliza, "Sasa ndugu, nani alikuwa anakuchagulia nguo?"

Aliuliza kwa mzaha tu. Lakini mimi nilitafuta kiti nikakaa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ni mbali kutoka Ntinda mpaka Mengo, nayo magari yalikuwa yamesongamana hata pikipiki hazipiti. Njiani mambo yalianza kunijia moja moja, madogo madogo, na kila moja lilikuwa na Rukia ndani yake.

Nilikumbuka tulipofika Kampala mara ya kwanza, basi linapanda kilima, akanishika mkono, "Tazama udongo ulivyo mwekundu na majani yalivyo kijani, kama mtu amepanga." Mimi niliona kilima. Nikasema, "Ndiyo." Akanitazama kidogo, akasema, "Basi ni kuzuri," na hakunionyesha tena.

Nikakumbuka nyanya. Mwanzoni alikuwa akinituma sokoni, nikarudi na nyanya mbichi, akanituma tena, nikarudi na mbichi. Kisha akaacha kusema rangi. Akawa ananiambia, "Ziminye, chukua zinazobonyea." Nilidhani ndivyo wanawake wanavyochagua nyanya. Na mashati yangu yalikuwa yakikaa kabatini kwa mpango wake, ya kuvaliwa na suruali fulani yakiwa juu ya suruali hiyo. Nikimwambia, "Wanivisha kama mtoto," alijibu, "Mtoto angenisikiza." Tangu aondoke nimekuwa nikivaa kama ilivyokuja, na sasa ndiyo naelewa kwa nini wenzangu kazini walikuwa wakinitazama kwa huruma. Nilidhani ni huruma ya msiba peke yake.

Na nikakumbuka nyumbani kwako, Mama. Siku ile ya kwanza niliyoletwa nitambulishwe kwako, nilikuwa natafuta neno zuri la kusema, nikasifu pazia lako. Nikasema, "Mashaallah, pazia jekundu hili lapendeza." Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukamwambia Rukia, "Mchumba wako ana mzaha." Nikacheka nami, sikujua nacheka nini. Je, lile pazia lilikuwa la kijani? Naomba unijibu. Kwa sababu nakumbuka kwamba watu wote chumbani walicheka isipokuwa yeye. Alikuwa ameshika sinia la vikombe, akasimama mlangoni, ananitazama. Sasa nafikiri alijua tangu siku ile. Alijua, akanikubali, na hakusema.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka kabla ya yote. Siku zake za ugonjwa, alipokuwa hawezi kuinuka, baridi ikimshika alikuwa akiniambia, "Niletee leso yangu yenye fundo." Hakuwahi kusema ile nyekundu. Nilikuwa naingiza mkono sandukuni, napapasa kwenye kona ya upindo, nikikuta kifundo cha uzi, kidogo kama punje ya mtama, naitoa hiyo nampelekea. Hakuna siku niliyokosea. Nilidhani ni fundo la mshonaji. Nilidhani ni namna yake tu ya kusema.

Nilifungua sanduku nikaipapasa leso iliyobaki. Kifundo kipo. Upande wa pili wa doti, kona ile ile, kipo.

Nikatoa na mashati yangu. Mengine yana kifundo ndani ya kola, na naamini hayo ndiyo mekundu, mengine hayana. Vikoi, hivyo hivyo. Hata vitambaa vya meza. Nyumba nzima alikuwa ameipitia na sindano, taratibu, miaka kwa miaka, mimi nikiwa nakunywa chai kando yake nikidhani anatia kiraka. Mimi nilikuwa nalipwa kwa kuhariri jedwali la rangi, na nilikuwa nikiishi ndani ya jedwali lake pasi na kujua.

Kwa nini hakuniambia? Nimejiuliza hilo nikiwa kazini, nikiwa msikitini, nikiwa kwenye foleni ya mkate. Labda aliona kazi yangu ni rangi, akaogopa nikijua mkono utanitetemeka. Labda aliona hakuna haja, maadamu yeye yupo. Ningependa kumuuliza. Ningependa hata tugombane, nimwambie, "Umenificha," naye anijibu vile alivyokuwa akijibu, huku amenipa mgongo na anasonga ugali. Sana sana ningependa kumwambia asante, Mama. Nilikuwa namshukuru kwa chakula na kwa kunifulia. Kwa hili sikumshukuru hata siku moja, na ndilo lililokuwa kubwa.

Hatukujaaliwa mtoto, hilo wewe walijua. Nilikuwa nikihuzunika kwamba hakuacha alama. Sasa kila asubuhi nikivaa shati naanza kwa kupapasa kola.

Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi. Nilimweleza Madamu Nakato yote, nikijua huenda nikaambiwa nikusanye vitu vyangu. Alisikiliza akiwa ameegemea mkono. Kisha akasema, "Basi hata kwa wateja iko watu kama wewe, wanaangalia ramani yetu hawaoni kitu, wanaona haya kusema." Tukalikalia lile jedwali pamoja. Tumeondoa kijani na nyekundu. Maji safi sasa ni buluu, mabaya ni rangi ya machungwa, na kila yanavyozidi ubaya rangi inazidi kukolea, kwa hiyo hata asiyetofautisha rangi ataona wapi pamekolea na wapi pamepauka. Namba tatu tumezifukua zilikofichwa. Tukimaliza, wananiita mimi kwanza nitazame. Madamu anasema, "Kama Khamis anaona, hata waziri ataona." Wanacheka, nacheka nao, na safari hii najua nacheka nini. Ila nikiitazama ile ramani mpya, inayoonekana vizuri hata kwangu, roho inaniuma kwamba kazi hii rahisi ingeweza kufanyika zamani, Rukia akiwa hai, naye angepumzika Jumamosi akachambua mchele wake.

Sasa Mama, leso. Nimeifunga pamoja na barua hii, doti nzima, iliyochakaa. Sikumuuliza Nalongo rangi yake wala Baraka wala mtu yeyote mwenye macho. Niliona kama nitakuwa namfanya Rukia mwongo. Mchoro ni kisutu, kifundo kipo, inatosha. Ukiifungua usiitazame kwanza. Ipapase, kona ya upindo, upande wa mkono wa kushoto. Macho yako yamechoka na yangu hayakuumbiwa kazi hii, lakini vidole vyetu sote wawili ni vizima, na mwanao alifunga fundo lile kwa ajili ya vidole.

Na lile neno nililolisema juu ya macho yako, naomba unisamehe. Wewe uliona sawa. Maimuna naye aliona sawa. Mimi ndiye niliyekuwa sioni, nikawalaumu wanaoona. Hakuna mwengine, Mama. Hakuna niliyemuwekea chochote. Sanduku liko pale pale chini ya dirisha, na ndani mnanukia udi wake hadi leo.

Kaburi lake nimelipalilia. Nalongo amenipa miche ya maua niyapande. Aliniambia rangi yake, nami nimeisahau, nitamuuliza tena nikuambie. Udongo wa pale wanasema ni mwekundu sana, mwekundu kama kisutu. Naamini.

Nisalimie shemeji yangu Maimuna aliyenivumilia kwenye simu, mwambie siku nyingine akiniambia kitu ni kijani nitakubali kabla hajaapa. Nisalimie mumewe baharia, akirudi salama. Nisalimie mjomba wako mzee wa Mtongwe aliyetusomea dua ya harusi, na yule jirani yako wa mlango wa nyuma aliyekuwa akimpikia Rukia mkate wa sinia kila tukija. Mpe pole, najua naye amefiwa.

Nina ombi moja, na ukikataa sitahuzunika. Ile ya kijani niliyokutumia kwa makosa, ambayo alikuwa akisema ni pacha wake, ukiona vyema nirudishie. Wewe baki na nyekundu, maana ndiyo yako na ndiyo aliyoivaa siku uliyomtoa nyumbani kwako. Mimi niachie hiyo nyingine. Kwa macho yangu, Mama, hazina tofauti. Nikiishika yangu huku, nitakuwa nimeishika hiyo hiyo uliyoishika wewe.

Mkweo, mwanao,
Khamis wa Rukia